Kambi za Kazi Ngumu Vitabuni: Toka Ningxia Hadi Manda

Mjini Kitale, katika mtaa wa Tuwan, niliulizwa swali ambalo niliahidi kulijibu hapa gazetini. Nilikuwa nimekwenda huko kuwahani jamaa zetu waliofiwa, na baada ya sala ya alasiri tukaketi nje ya duka moja kungojea chai. Mkononi nilikuwa na kitabu kikuukuu nilichokinunua siku hiyo hiyo kwa mchuuzi aliyetandaza gunia lake kando ya njia, katikati ya viatu vya mitumba na betri za redio. Jalada lake limechanika, lakini jina lasomeka: Grass Soup, yaani supu ya majani. Mwandishi wake ni Mchina, Zhang Xianliang. Mwalimu wa madrasa, kijana wa Kibukusu aliyezaliwa upande wa Bungoma, akakichukua, akakifunua kurasa mbili tatu, kisha akanirudishia.

"Ustadhi," akasema, "habari za jela za Wachina zatuhusu nini sisi? Wao wametujengea reli na barabara. Jela zao si shauri lao?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa akivuta tasbihi pembeni akadakia: "Na Waislamu wenzetu wanaofungwa huko, hao nao si shauri letu?"

Basi tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Barazani mtu hawezi kusema yote. Huyu anakukata neno, yule anaagiza sukari. Kwa hiyo nayaandika hapa, na mwalimu yule naomba awe msomaji wangu wa kwanza.

Kwanza tulijue jina. Wachina huziita kambi hizo laogai, na maana yake ni kumgeuza mtu kwa kazi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1954, miaka mitano baada ya Wakomunisti kushika serikali. Mwaka 1957 pakazuka aina ya pili, laojiao, yaani kumfundisha mtu upya kwa kazi. Na hiyo ilikuwa mbaya kwa namna yake, kwa sababu mtu aliweza kupelekwa kambini kwa amri ya polisi bila ya kufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu. Jina la laogai lilifutwa katika sheria mwaka 1994, wakaanza kusema jela tu kama watu wengine. Laojiao ilifutwa Desemba 2013. Msomaji aliangalie vizuri neno lile la kumgeuza mtu, kwani tutakutana nalo tena karibu zaidi na nyumbani.

Zhang Xianliang alizaliwa Nanjing mwaka 1936. Mwaka 1957, akiwa bado kijana, alitangaza shairi moja katika jarida. Mwaka huo huo serikali ikawasaka watu iliowaita wa mrengo wa kulia, na zaidi ya watu 500,000 wakapigwa muhuri wa jina hilo: walimu, waandishi, waganga, hata wanafunzi. Zhang akawa mmoja wao kwa ajili ya shairi lile. Kuanzia hapo akazunguka baina ya kambi, jela na mashamba ya serikali kwa muda wa miaka 22, mpaka mwaka 1979 alipoambiwa kwamba hakuwa na kosa. Shairi moja, miaka 22! Sisi tuliozaliwa katika miji ya mashairi, ambako watu hujibizana kwa beti na kesho yake wakanywa kahawa pamoja, jambo hilo latupasa kulitafakari.

Kambi zake zilikuwa Ningxia, kaskazini ya China, kando ya Mto Manjano. Na Ningxia ni jimbo la Wahui, yaani Wachina walio Waislamu, lililopewa jina hilo rasmi mwaka 1958. Zhang mwenyewe hakuwa Mwislamu, lakini ardhi aliyoilima kwa jembe la mfungwa ilikuwa ardhi yenye misikiti. Nilipomweleza hivyo mwalimu wa Tuwan, akakitazama kitabu mara ya pili.

Sasa kitabu chenyewe. Mwaka 1960, wakati wa njaa kuu iliyoikumba China baina ya 1959 na 1961, Zhang aliweka daftari ya kumbukumbu kambini. Aliandika maneno machache mno, kwa kuwa daftari yoyote iliweza kusomwa na wakubwa wa kambi wakati wowote. Siku nzima ya mateso ikawa mstari mmoja: kazi gani wamefanya, nani mgonjwa, mkutano umeitwa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye akaitoa daftari ile, akaupachika kila mstari maelezo yake: siku ile niliposema hivi, jambo lililotukia ni hili. Ndiyo supu ya majani. Wafungwa walipelekwa mashambani kuchuma magugu, magugu yakatiwa katika sufuria kubwa la maji, na hicho ndicho chakula cha mtu anayeamrishwa kuchimba mfereji.

Namna ile ya kuandika yanikumbusha masheikh wetu wa zamani. Matini fupi katikati ya ukurasa, na sharhe imeizunguka pande zote. Tofauti ni kwamba hapa matini yaliandikwa na mtu mwenye hofu, na sharhe ikaandikwa na mtu yule yule baada ya hofu kumtoka. Yale aliyoyaacha kuandika mwaka 1960 ndiyo yanayokifanya kitabu kiwe kinene.

Kabla ya hicho, mwaka 1984, alikuwa ametoa hadithi ndefu iliyofasiriwa kwa Kiingereza kwa jina la Mimosa. Humo mna kijana aliyetoka kambini karibuni, msomi, mwenye njaa isiyomwachia nafasi ya kufikiri jambo jingine. Ana mkebe wa maziwa ya unga. Wenzake huenda jikoni na mabakuli; yeye huenda na mkebe wake mwembamba mrefu, kwa sababu amegundua kwamba jicho la mpishi hudanganyika: uji unaoonekana kidogo ndani ya mkebe ni mwingi kuliko ule unaoonekana kujaa bakuli. Anapata ziada ya mikupuo michache kila siku, na msomi mzima anaona fahari kwa hilo. Baadaye mwanamke mmoja wa kijijini anampa mkate mweupe uliopikwa kwa mvuke. Anauangalia mkate, na juu yake anaona alama ya kidole cha yule mwanamke, imebaki pale alipouumua unga. Machozi yanamdondoka.

Mimi nimesoma vitabu vingi vya watu waliofungwa, na nasema kwamba ile alama ya kidole ina thamani kuliko hotuba zote zilizopata kuandikwa juu ya kambi hizo. Angalieni pia Mrusi Solzhenitsyn, aliyetoa hadithi yake ya siku moja kambini mwaka 1962: mfungwa wake anakata kipande cha mkate wa asubuhi, anakificha ndani ya godoro na kulishona kwa uzi, kisha siku nzima huku akijenga ukuta katika baridi moyo wake uko kwenye godoro. Na sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulikijua kisa cha jela kabla ya kujua jela ni nini. Nabii Yusuf, alayhi salaam, ametiwa gerezani bila ya kosa, na mfungwa mwenzake anamhadithia ndoto: amebeba mkate kichwani na ndege wanaudonoa. Tangu zamani hizo habari ya kifungo huanza kwa mkate.

Lakini nisimpambe Zhang kupita kiasi. Katika Mimosa yule kijana, akishashiba kidogo, hufungua kitabu cha Karl Marx na kuanza kujifunza, na mwandishi anataka tuamini kwamba mateso yalikuwa kama moto wa sonara, yamemsafisha akawa dhahabu. Hapo mimi simwamini. Mtu akiniambia mkebe ulimpa mikupuo ya ziada, namwamini. Akiniambia njaa ilimpa hekima, namwuliza na wale waliokufa walipewa nini. Hata hivyo lazima tukumbuke aliandika hayo China, chini ya serikali ile ile, na asingekuwa na tahadhari pengine tusingelipata hata mkebe. Katika miaka ya mwisho aligeuka tajiri, akajenga uwanja wa kupigia filamu huko huko Ningxia, watu wakawa wanalipa kiingilio kuutembelea. Alifariki mwaka 2014.

Yuko mwingine, Yang Xianhui, ambaye hakufungwa. Yeye alikwenda akawatafuta waliosalimika na kambi ya Jiabiangou, katika jangwa la Gansu, akawasikiliza miaka kadhaa, kisha akaandika masimulizi yao akayaita hadithi, ili yapate kupita mbele ya wakaguzi. Walipelekwa huko watu kama 3,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliotoka hai mwaka 1961 hukisiwa kuwa kama 500. Katika kisa kimoja mke anasafiri kutoka Shanghai, siku nyingi garini, amebeba chakula, na anapofika anaambiwa mumewe amekwisha kufa. Wale marafiki wa mume wanamficha kaburi, maana maiti za jangwani haziko katika hali ya kuonwa na mke. Hakubali kuondoka. Mwisho anaipata maiti, anaiteketeza, anachukua mifupa na kurudi nayo kwao.

Barazani pale Tuwan nilipofika hapa watu walinyamaza, kisha yule mzee wa tasbihi akauliza tena habari ya Waislamu.

Haki yake. Waislamu aliowakusudia ni Wauighur wa Xinjiang, magharibi ya China. Kuanzia mwaka 2017 walikusanywa katika majumba yenye kuta na minara, kwa makadirio ya wataalamu wengi watu milioni moja au zaidi. Serikali ya China ilisema hizo ni skuli za ufundi za kuwatoa watu katika siasa kali, na Desemba 2019 ikatangaza kwamba wanafunzi wote wamekwisha kuhitimu. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake tarehe 31 Agosti 2022, ikasema kwamba yaliyotendwa huko huenda yakawa jinai dhidi ya ubinadamu, China ikaikataa. Na jambo la kutia uchungu ni kwamba Julai 2019 nchi 37 ziliandika barua ya kuisifu China kwa siasa yake katika jimbo hilo, na miongoni mwa waliotia saini walikuwamo Saudi Arabia na Pakistan. Msomaji Mwislamu apime mwenyewe.

Mshairi wa Kiuighur aitwaye Tahir Hamut Izgil, aliyekwisha kufungwa kambini katika miaka ya 1990, alifaulu kukimbilia Marekani na familia yake mwaka 2017. Mwaka 2023 akatoa kitabu kwa Kiingereza, Waiting to Be Arrested at Night. Anaeleza rafiki mmoja mmoja wakitoweka, na watu walioogopa hata kubaki na msahafu nyumbani. Kuna jambo moja dogo humo ambalo halinitoki kichwani: kila usiku aliweka nguo nzito tayari karibu na kitanda, ili wakija kumkamata asipelekwe seli akiwa na nguo za kulalia, akafa kwa baridi. Zhang na mkebe wake, Tahir na nguo zake. Lugha mbalimbali, dini mbalimbali, na kati yao miaka karibu sitini.

Sasa nimgeukie mwalimu na swali lake la kwamba yatuhusu nini.

Mtaa wa Tuwan aliokuwa ameketi uko katika mji ambao reli yake inaishia hapo hapo. Ilifika Kitale mwaka 1926, na mbele yake ikabaki barabara ya kwenda Kapenguria, Lodwar na Lokitaung. Kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni iliupenda upande huu: ni mbali, na atokaye lazima apite mlango mmoja. Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa Kapenguria kuanzia mwisho wa mwaka 1952. Kapenguria hapakuwa na hoteli, hivyo D. N. Pritt na mawakili wenziwe wakawa wanalala Kitale na kwenda barazani kila siku kwa gari. Tarehe 8 Aprili 1953 hukumu ikatoka: miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, karibu na mpaka wa Sudani na Uhabeshi, kuvunja mawe katika jua la Turkana. Kenyatta kwa umri wake alipewa kazi ya upishi. Kaggia ameyaeleza hayo katika kitabu chake, Roots of Freedom, kilichotoka mwaka 1975. Vyumba vya jela ya Kapenguria vimekuwa makumbusho tangu mwaka 1993, na kutoka Tuwan si safari ndefu. Watu wawili tu pale barazani walikuwa wamepata kuingia.

Na kama mtu anataka kicheko katika mambo haya, Lokitaung ilikuwa na China yake. Waruhiu Itote, aliyejiita Jenerali China msituni, alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa kamba na kupelekwa kwa Kenyatta. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, Mau Mau General, anasema Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza huko.

Lakini wale walihukumiwa na mahakama, hata kama mahakama yenyewe ilikuwa mchezo. Walio wengi hawakuhukumiwa na mtu. Baina ya 1952 na 1960 waliwekwa kizuizini Wakikuyu, Waembu na Wameru ambao kwa hesabu ya wakoloni wenyewe wakaribia 80,000, na wanahistoria wengine wasema walizidi hapo sana. Waligawanywa rangi: weupe, kijivu na weusi, kwa kadiri walivyokiri kiapo, wakasukumwa kambi hata kambi kama maji katika bomba, na bomba ndilo jina ambalo maofisa wenyewe waliliita. Kazi ya kambi ilikuwa nini? Kumrekebisha mtu kwa kazi, kumrudisha akiwa mwema. Msomaji, hebu rudi juu usome tena maana ya laogai. Mwingereza aliyeichukia China ya Kikomunisti na Mchina aliyemchukia Mwingereza, katika miaka ile ile ya 1950, walipatana juu ya jambo hili moja bila ya kuandikiana barua.

Hola ndipo mapatano hayo yalipoonekana wazi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walitolewa kwenda kuchimba mfereji wa mashamba ya kunyweshwa kando ya Mto Tana. Mpango ulikuwa umeandikwa: wakikataa kazi, walazimishwe kwa mikono ya askari. Walipigwa marungu, watu 11 wakafa. Serikali ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Maji! Bunge la Uingereza likawaka moto, na haukupita muda mrefu kambi zikaanza kufungwa.

Josiah Mwangi Kariuki alipita katika kambi 14 toka 1953 hadi 1960, na Manyani imo. Kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilitoka mwaka 1963, nacho ni ndugu wa Grass Soup kwa mambo mengi: chakula, fimbo, marafiki, wasaliti. Ila Kariuki ana kitu ambacho Zhang hakuwa nacho. Wafungwa wake wana umoja. Wanafungua madarasa, wanajitungia sheria, wanaandika barua za siri kwenda mpaka Uingereza, na wakipigwa kwa ajili ya barua wanaandika nyingine. Katika kambi ya Zhang kila mtu alitakiwa kumchongea mwenzake, na yeye hafichi kwamba hofu hiyo iliwala watu kuliko njaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tofauti kubwa ya vitabu vya pande hizi mbili. Mtu wa Manyani alijua adui yake ni nani. Mtu wa Ningxia aliambiwa kwamba adui ni yeye mwenyewe, na baada ya miaka akaanza kuamini.

Waingereza walikana sana waliyoyasema kina Kariuki. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee waliokuwa kizuizini, ndipo ikabainika kwamba yako majalada ya siri yaliyoondoshwa Kenya wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasema inajuta, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kitabu cha Kariuki kilikuwa kimeyataja mateso hayo miaka 48 kabla ya majalada kuonekana. Yeye mwenyewe hakuyaona. Aliuawa Machi 1975, katika Kenya iliyo huru.

Sisi wa Pwani mara nyingi tunayasikiliza mambo haya kama habari za bara. Haya, tuhesabu. Manyani iko katika njia yetu ya kwenda Nairobi. Hola ni Tana River. Mackinnon Road ilikuwa kambi kubwa, na kila mwaka watu wetu wanashuka hapo hapo kulizuru kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli, wakasoma Fatiha, wakapanda gari. Reli mpya ya Wachina iliyofunguliwa mwaka 2017 yapita katika nchi hiyo hiyo. Na Manda, kisiwa kile kile chenye magofu ya Takwa, ambapo leo ndege hushusha watalii wa Lamu, kilikuwa kambi ya wale waliohesabiwa kuwa viongozi.

Kisiwani Manda alikaa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikikuyu, aliyekamatwa Oktoba 1952 usiku ule ilipotangazwa hali ya hatari. Aliandika kumbukumbu zake kwa siri na kuzihifadhi miaka yote. Zilipotoka kwa lugha yake mwaka 1983 zikapata tuzo ya Noma ya mwaka 1984, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika. Fikirini: daftari iliyoandikwa mbele ya Lamu, mji wa tenzi na wa maandishi, na tumekuja kuijua kutoka Karatina.

Mwalimu wangu wa Tuwan nilimkumbusha pia mtu wa kwao, Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyekuwa mchezaji mpira hodari kabla ya kuwa nabii kwa wafuasi wake. Mwaka 1948 serikali iliipiga marufuku dini yake, na yeye ikamleta kwetu Lamu, akakaa uhamishoni mpaka ukoloni ulipokaribia kwisha. Wabukusu wanamsimulia mpaka leo. Mwalimu aliyajua yote ya Masinde, ila hakujua kwamba pahali alipofungwa ndipo sisi twaenda Maulidi.

Je, Kiswahili chenyewe kimesema nini? Kimesema kwa ushairi, na kimesema vizuri. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, toka 1969 hadi 1972, kwa ajili ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Akiwa peke yake katika chumba, Kamiti na Shimo la Tewa, alitunga mashairi juu ya karatasi za chooni, na yakatoka nje kwa msaada wa askari jela aliyemwonea imani. Sauti ya Dhiki ikachapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata tuzo yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Adhabu yake ilikuwa upweke zaidi kuliko jembe, kwa hiyo mashairi yale ni ya mtu anayezungumza na nafsi yake, na kwa bahari hiyo hana mshindani. Upande wa Zanzibar Adam Shafi, aliyetiwa ndani baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, aliandika riwaya ya Haini, iliyotoka 2003. Hiyo ni nathari, na mna seli, mna kuulizwa na kupigwa, mna wake wanaohangaika nje ya lango.

Lakini Manyani, Hola na Manda, kwa Kiswahili, kwa mkono wa aliyekuwako, ni adimu kama maji ya Lokitaung. Na Kiswahili ndicho kilichosemwa ndani ya kambi zile! Mkikuyu alizungumza na askari Mturkana kwa lugha gani? Amri ya kuchimba, matusi, kuhesabiwa asubuhi, kuomba maji: vyote vilikuwa Kiswahili. Kisha vikaenda kuandikwa kwa Kiingereza na Kikikuyu. Sisi tulikuwa na lugha na kambi zote mbili mlangoni, tukatunga juu ya mengine.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa mwalimu. Na kwa kuwa wengi wa wale wazee wamekwisha kutangulia, nina ombi kwa wasomaji wa Pwani. Yako majumba Lamu, Garsen, Voi na Mombasa ambamo babu alikuwa nahodha wa mashua iliyovusha watu Manda, au mpishi wa kambi, au karani wa stesheni, au askari. Aliye na barua, kitambulisho cha kazi, daftari ya matumizi ya jikoni au picha ya miaka ile, hata ikiwa imeliwa na mchwa, na amwandikie mhariri wa ukurasa huu. Daftari ya jikoni naitaka kuliko zote. Asitume ile asili. Apige nakala, atume nakala, na asili aiweke mwenyewe mahali pakavu.